Posa ya Mhandisi Binyam

Jumamosi, 1 Pagume

Mtandao wa wachumba wa Wub Tidar umedukuliwa! Majina, picha na barua za wanachama wote zimemwagwa hadharani. Ukiandika namba ya simu ya mtu, anatokea mzima mzima, pamoja na kila alichowahi kumwandikia mwanamke. Aliyeniletea habari ni Demissie, muuza mablanketi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Alivuka matope makusudi ili aniambie. Alitabasamu mno kwa mtu ambaye hajaona mteja tangu juzi.

Sikutishika. Mle ndani mimi si Zegeye. Ni Mhandisi Binyam, miaka arobaini na tisa, nyumba ya ghorofa, moyo mpweke. Na umri wenyewe si uongo. Nilizaliwa 1960 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, 1968 kwa kalenda ya Wazungu. Nikaandika 1968. Mtandao ukihesabu kwa kalenda yetu, kosa la nani?

Doa ni moja tu. Namba ya simu ni yangu.

Na siku ya Mwaka Mpya, mwezi huu wa Pagume wenye siku tano ukiisha, wazee wangu wa posa wanakwenda kwa Weyzero Yeshimebet, mjane mwenye mgahawa, mwanamke pekee katika mji huu wa baridi anayeweza kunikomesha kula kiporo peke yangu. Mkuu wa wazee ni Gashe Shiferaw, mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi, ambaye hajawahi kumposea mwongo. Akiiona ile namba, posa imekufa. Basi asiione. Jambo dogo.

Jumapili, 2 Pagume

Mkutano wa chama cha mazishi baada ya ibada. Nikasimama. Nikatangaza kwa sauti ya kitaalamu kwamba atakayefungua orodha ile ya wadukuzi, simu yake itashikwa na ugonjwa unaokula picha za marehemu. Watu wakaguna kwa hofu. Safi kabisa!

Demissie akauliza nimeyajua wapi. Nikasema nasoma. Akauliza nasoma nini, ilhali dukani kwangu hata kalenda hamna. Wakacheka. Wacheke tu.

Kisha Weyzero Yeshimebet, kutoka upande wa akina mama: "Mbona mimi nimefungua tangu jana, na simu yangu nzima kama mimi?" Akanitazama kwa muda mrefu. Mapenzi hayo.

Gashe Shiferaw akasema mzee wa posa ana wajibu wa kumchunguza anayemsemea. Ana simu mpya aliyotumiwa na binti yake aliye Dubai, ila hajui kuiendesha. Atafundishwa kesho kutwa. Na nani? Na Demissie! Nina siku moja. Kwa mtu kama mimi, siku moja ni nyingi.

Jumatatu, 3 Pagume

Sikukuu ya malaika Rufaeli. Mvua ya leo ni ya baraka, na mtaa mzima ulitoka kulowa, watoto uchi, vikongwe vichwa wazi. Hapo wazo likanijia. Nikamwendea Gashe Shiferaw, nikamwambia kwamba kama kuna kitu kinachohitaji baraka kuliko sisi sote, ni ile simu, kwa dhambi zinazopita ndani yake. Akafikiri. Akakubali. Akaitoa kwenye gabi lake, lile shuka zito la kujifunika, akaiinua kwa mikono miwili kuelekea mbinguni.

Mvua ikaipiga. Nusura nicheze! Ili kumtia moyo, nami nikainua yangu.

Baada ya sala akaifuta yake, na papo hapo ikalia. Binti wa Dubai. Kumbe ni aina isiyoogopa maji! Yangu ikatoa kipovu kimoja, ikazima. Demissie, mkavu barazani, akaniuliza kama baraka imefika mpaka kwenye betri.

Hata hivyo, tuangalie upande mzuri. Simu iliyokufa haitoi ushahidi.

Jumanne, 4 Pagume

Ushindi! Somo la simu limefutwa. Weyzero Yeshimebet amemwambia Gashe Shiferaw asisumbuke, atamwonyesha yeye mwenyewe siku ya Mwaka Mpya. Kisha akaniita kwa kahawa. Nilisema mimi!

Kikombe cha kwanza akaniuliza habari za Mhandisi Binyam. Nikamweleza suala la kalenda. Akacheka mpaka akaweka birika chini.

Kikombe cha pili hakucheka. Akasoma kwenye simu yake barua niliyomwandikia muuguzi mmoja wa Hawassa. "Hapa kuna mjane ananipikia. Mchuzi wake mwepesi, maneno yake mazito. Nakula kwa kumhurumia tu."

Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Akasema, "Umri ningekusamehe, Zegeye. Ghorofa ningekusamehe. Lakini ulikuwa unakuja kwangu umelowa, nakusogeza karibu na moto, nakuongezea injera hujaomba. Sasa nani alikuwa anamhurumia mwenzake?"

Nikamkumbusha kwamba aliyeandika ni Binyam.

Akanimiminia kikombe cha tatu, cha baraka, akasema wazee hawarudishwi mlangoni, waje. Waje! Mwanamke anayekukataa hakumiminii cha tatu. Mambo yamekwisha.

Jumatano, 5 Pagume

Siku ya mfungo. Nimekula dengu kwa furaha. Nimenunua gabi jipya jeupe. Nimepanga pa kuweka kitanda chake, na birika lake.

Nikavuka barabara kumwambia Demissie kwamba kinyongo sina, arusini kwangu atapata kiti, japo cha nyuma. Akashukuru. Akasema arusini hatakosa, na huenda akakaa mbele kuliko ninavyodhani. Maskini. Wivu unamfanya aongee ovyo.

Jioni mtaa ukawasha mienge ya kuaga mwaka. Nikauruka moto kama kijana wa arobaini na tisa. Gabi limeungua kidogo pembeni. Hapaonekani ukisimama vizuri.

Alhamisi, 1 Meskerem

Mwaka Mpya. Wazee wamerudi mchana, wananukia kuku. Hakuna aliyenitazama usoni.

Aliwapokea vizuri. Akawalisha. Walipokuwa wamejaza midomo akawasomea barua ile tangu mwanzo, na pale pa mchuzi akaparudia. Halafu akasema jibu la posa analo, ila ameshawapa wazee wa Demissie, waliotangulia asubuhi.

Demissie! Mtu wa mablanketi yanayotoa manyoya!

Gashe Shiferaw akaniambia, "Tangu nianze kuposea watu, sijawahi kula kuku na aibu katika sahani moja." Akafika mlangoni, akageuka. "Na mchuzi ulikuwa mzito, Zegeye."

Nililia kidogo. Nilikuwa nimeshamwekea birika mahali pake.

Lakini mtu mzima hutafuta kiini cha tatizo, nami nimekipata. Tatizo ni ule mtandao. Kufuli zake ni mbovu. Upo mwingine mpya, umeapa kwamba siri za humo hata wenyewe hawazioni. Mvua ikamrudisha Gashe Shiferaw ndani, akaketi karibu na jiko langu kungoja ipite, na usingizi wa shibe ukamchukua. Simu yake iko mezani. Haina kufuli, maana hajui kuliweka.

Nikaichukua nijiandikishe, na wenye mtandao walitaka picha ya uso wangu. Nimetoa. Kitambulisho. Nimetoa, pande zote mbili. Jina la kuonekana: Daktari Yonas. Mwaka wa kuzaliwa: 1976. Sijui ni kwa kalenda ya nani, lakini lazima ipo. Namba ya simu: yangu imekufa maji, kwa hiyo nimeweka ya Gashe Shiferaw.

Mwalimu mmoja wa Jimma amejibu tayari! Ameuliza naishi na nani. Nimemwandikia kwamba niko peke yangu, isipokuwa leo kuna mzee mmoja wa mazishi anayekoroma kando ya jiko langu. Maneno yake mazito, akili yake nyepesi. Namvumilia kwa kumhurumia tu.