Kopo Lililoniita Mara Mbili

Leo nimekimbia kopo. Kopo la maziwa ya unga, tupu, lenye tundu moja kwenye kitako. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaipata habari hii kijiweni Kona ya Musa, maana nasikia huko imekwisha kuongezwa chumvi.

Mnajua kwamba tangu watalii wapungue na hoteli niliyokuwa fundi wake ifungwe, mimi na jenereta yangu hatuna kazi. Shule nazo zimefungwa Agosti hii, na watoto wa mtaani kwetu hapa Ukunda wanashinda wakirushia mawe miembe ya watu. Nikaona niwafundishe kwa michezo: hesabu, sauti, kivuli, maji. Cheti cha ualimu sina. Nina vitabu vikuukuu, nilivyovisoma peke yangu mpaka kurasa zikaachana.

Mtu wa kumridhisha alikuwa jirani yangu Bi Mwanatumu, bibi yao Zuhura na Bakari. Akikubali yeye, mtaa mzima utaleta watoto. Akikataa, basi tena, narudi kukaa barazani na kuhesabiwa miongoni mwa wasio na kazi.

"Leo tu," aliniambia asubuhi. "Nitakaa hapa hapa nitazame. Nikiona unawatia mambo nisiyoyaelewa, nawapeleka Msambweni kwa shangazi yao, wakachambue mchicha mpaka shule zifunguliwe."

"Hakuna usiloweza kulielewa, Bi. Ni simu ya kopo tu."

"Hilo ndilo la kwanza."

Simu ya kopo haina siri. Unatoboa makopo mawili, unapitisha mshipi wa kuvulia samaki, unafunga fundo ndani ya kila moja. Mshipi ukikazwa bila kugusa kitu, sauti hupita. Kwangu palikuwa na njia moja tu iliyonyooka: kutoka mlangoni mwangu hadi dirisha la nyumba isiyomalizika iliyo mkabala. Mwenyewe alikwenda Arabuni kutafuta pesa za mabati na hakurudi. Kuta zimesimama bila paa, vyumba vimeota magugu, na mpira ukidondokea mle watoto huona afadhali kutengeneza mwingine. Niliwaambia mle hamna kitu. (Sikuwa nimewahi kuingia.)

Niliingia jua likiwa utosini. Upepo wa baharini ulikuwa umekata. Magugu yalisimama wima, kimya, kama watu waliokatizwa mazungumzo. Nikasimama dirishani, nikavuta mshipi, nikasema ndani ya kopo:

"Zuhura."

Kimya.

"Zuhura."

Kimya. Nikakagua fundo. Lilikuwa sawa. Nikarudi nyumbani, nikamkuta mtoto ameshika kopo sikioni, macho yamemtoka.

"Hukunisikia?"

"Nimekusikia, mjomba."

"Mbona hukuitika?"

Akamtazama bibi yake. "Bibi amesema nikiitwa na mtu nisiyemwona nisiitike mpaka aniite mara ya tatu. Jini huita mara mbili tu."

Bi Mwanatumu, juu ya mkeka wake, akatikisa kichwa kukubali.

Nikaeleza kwa utulivu kwamba sauti ni mtikisiko, kwamba mtikisiko hutembea juu ya mshipi, na kwamba jini hahusiki. Bi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Vizuri. Na wewe ita mara tatu."

Nikarudi dirishani, nikaita mara tatu. Safari hii likaja jibu, dogo na la bati: "Labeka."

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikamwuliza saba mara nne, akanijibu. Bakari akalinyakua kopo, akataka hesabu ya kutoa, akakosea, akarudia, akapata. Mtoto ambaye darasani hujificha nyuma ya mwenzake alikuwa akiniomba hesabu nyingine. Nilianza kujiona mwalimu. (Hapo ndipo ningepaswa kuondoka.)

Adhana ya adhuhuri ikaisha. Bi Mwanatumu akakunja mkeka, akaingia ndani kwangu kusali. Niliwaambia watoto waweke kopo, wakanywe maji. Mimi nikabaki dirishani kungoja warudi, kopo langu mkononi, sikioni, kwa mazoea tu. Mshipi ulining'inia, umelegea.

Kisha ukakazika.

Ulikazika taratibu, kama samaki mzito anayeonja chambo. Nikatazama ng'ambo. Watoto wote wawili walikuwa kando ya nyumba, penye mtungi, Bakari kata ikiwa mdomoni. Barazani hapakuwa na mtu. Mshipi ulivuka uwanja, ukapita baraza tupu, ukaingia katika giza la mlango wangu. Sikuona ulikoishia.

"Salimuu."

Hapa mtaani hakuna aniitaye Salimu. Wakubwa huniita Fundi, watoto huniita mjomba. Jina hilo aliyekuwa akilitumia ni marehemu mama, na alilivuta vivyo hivyo mwishoni. Kopo huivua sauti umri, huivua na mwili. Ilikuwa kama imesemewa ndani ya kiganja changu.

"Salimuu."

Nikajikuta nangoja ya tatu. Mimi, mtu wa mtikisiko, nilibana pumzi nikingoja ya tatu. Ukaja mkwaruzo, mkavu, kama kucha juu ya bati.

Ya tatu haikuja.

Sikumbuki kupita mlango wa nyumba ile. Huenda haukuhusika, maana suruali ina tundu la ukubwa wa dirisha. Nilikuwa nimejizungushia mshipi kifundoni mwa mkono ili usinipotee, kwa hiyo kopo halikuniacha. Na nyuma yangu kukaanza kitu. Ko, ko, ko, juu ya mawe. Nikikaza mbio, nacho kinakaza. Nikakata kona kwa muuza nazi, nacho kikakata kona. Nikaingia njia ya msikitini, watu ndio kwanza wanatoka, wanavaa viatu, nami nikapita katikati yao nikipiga kelele:

"Sijaitika! Sijaitika!"

Wakanidaka. Kile kitu kikaruka mara ya mwisho, kikanigonga kisigino, kikatulia. Lilikuwa kopo la pili.

"Fundi," aliuliza mzee mmoja, kiatu kimoja mkononi, "hukuitika nani?"

"Mwacheni," akasema kijana wa samaki. "Analipeleka kopo lake malishoni."

Nyuma yao akafika Bi Mwanatumu, anahema, buibui limejaa vumbi, watoto wawili wakimfuata. Alikuwa amemaliza kusali, akaliona kopo, akataka kulijaribu pasipo kuonekana. Alisimama mlangoni, weusi wa buibui ndani ya giza.

"Nimekuita vizuri tu," akasema.

"Umeniita Salimu."

"Kwenye simu mtu huitwa jina lake. Au nikuite Fundi, unatengeneza nini pale?"

"Na mara ya tatu, Bi? Mbona hukuita mara ya tatu?"

"Nilipaliwa. Nakohoa, nataka kuita, kopo likanitoka mkononi likaenda zake."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Bakari alicheka amemshika dada yake. Mimi nilianza kuuzungusha mshipi, maana ulikuwa mwingi na mikono ilihitaji kazi. Nilijua Msambweni watachambua mchicha.

Bi Mwanatumu hakucheka. Alinitazama tundu la suruali, kisha uso.

"Watakuja kesho," akasema.

Nilidhani sikusikia sawasawa. "Baada ya haya?"

"Kwa ajili ya haya. Mimi nilikuwa nakuhofia wewe, unayesema hamna kitu. Mtu asiyeogopa chochote ataniingizia watoto popote." Akawashika mikono, akageuka. "Kumbe una adabu zako. Hukuitika."

Jioni hii wameshakuja wazazi wengine kuniandikishia watoto, na kila mmoja ameanza kwa kuniita jina langu, mara mbili, kisha ananyamaza. Wanafunzi nimepata. Heshima nitaitafuta shule zikifunguliwa.