Sufuria Inayolala Kitandani Kwangu

Bweni la Wanafunzi,
Ghorofa ya juu, chumba cha mwisho,
kile ambacho dirisha lake halifungi vizuri.

Kwa Mama mzazi wa mwenzangu wa chumbani,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWANAO NA SUFURIA YAKE

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote walio chini ya paa lako. Mimi pia ni mzima, tena mzima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hatujuani kwa sura. Sauti yako naijua, kwa sababu ukimpigia mwanao simu yeye huiweka spika huku akimenya karoti, nami nisiyehusika huamrishwa kutoka huko mbali nipunguze chumvi. Bweni zima tunamwita Karoti. Nimevumilia, Mama, mpaka uvumilivu wenyewe umeomba ruhusa ya kupumzika. Naomba unisikilize, kwa adabu zote.

1. Kuhusu sufuria. Jiko letu la pamoja hufungwa asubuhi tunapokwenda darasani. Mwanafunzi mwenye akili timamu akiambiwa hivyo hununua tambi za pakiti, akazimwagia maji ya moto, akamshukuru Mungu. Mwanao, kwa mafunzo yako mwenyewe, huamka akachemsha maharage aliyoyaloweka tangu jana. Yakishachemka barabara huipua sufuria, huifunika, huizungushia taulo, kisha huilaza. Kitandani kwangu, Mama. Ndani ya blanketi langu, na mto wangu juu yake. Eti kitanda chake kiko chini ya dirisha, sufuria itapata baridi! Sisi tunakwenda darasani, yenyewe inabaki imelala, inajiivisha kwa joto lake bila moto wala msimamizi. Nilidhani ni mzaha. Tuliporudi akaifunua, maharage yakawa laini hata meno yakakosa kazi. Niliudhika sana. Niliongeza mara mbili kwa hasira.

2. Kuhusu usingizi. Katika baridi hii mwanafunzi ana haki yake ya kurudi chumbani akatetemeka. Mimi nimenyang'anywa haki hiyo. Kitanda nakikuta kina joto, nikijilaza kidogo tu nafunguliwa macho na harufu ya kitunguu. Sasa nimezoea vibaya: silali mpaka miguu yangu iguse mahali ilipokuwa imelala sufuria. Nani atakubali kuolewa na mtu wa namna hii?

3. Kuhusu kikohozi changu. Nilikuwa na kikohozi kizuri, cha heshima, kilichoingia na baridi na kutoka na baridi kila mwaka. Kwa ajili yake nilisamehewa mazoezi ya asubuhi, nikapewa kiti mbali na mlango, na mhadhiri wa takwimu hakuthubutu kuniuliza swali. Ndipo mwanao akaanza: supu ya dengu leo, kabichi na kitunguu saumu kesho, tangawizi kila mahali, ndimu juu. Kikohozi kimeondoka bila hata kuaga. Majuzi nilijaribu kukohoa darasani, mhadhiri akasema, "Hicho si kikohozi, hicho ni kiherehere," akaniita ubaoni, na tangu siku hiyo hunikalisha mbele.

4. Kuhusu Matroni. Hapa, Mama, nakuomba ukae kitako.

Matroni wa bweni alipita kukagua vyumba wakati wa vipindi. Akachungulia kwetu, akaona kitandani kwangu kuna mtu amejifunika gubigubi. Akasema kwa huruma, "Pole mwanangu, lala tu, nitawaambia walimu." Sufuria haikujibu. Baadaye aliwasimulia watu kwamba maradhi yamenitia adabu, kwani ni mara ya kwanza hajibiwi.

Wakati huo mimi nilikuwa darasani, nimeketi mstari wa mbele kwa sababu ya yale ya lalamiko la tatu. Ujumbe ukaletwa kwamba mimi ni mahututi. Mhadhiri akausoma, akanitazama, akaniuliza wewe basi ni nani. Ilinibidi nithibitishe mbele ya darasa zima kwamba mimi ni mimi, na wapo ambao hadi leo hawajaridhika. Jioni wenzangu wakaja na machungwa kumwona mgonjwa, wakamkuta ameshafunuliwa na anapakuliwa. Basi wakakaa. Matroni akapanda kuja kukemea, akaonja ili apate ushahidi, kisha akaomba ushahidi zaidi. Siku hizi huja na bakuli lake mwenyewe, na ametangaza hadharani kwamba katika wakazi wote wa ghorofa hii, mwenye nidhamu ni sufuria peke yake.

5. Kuhusu boga. Mimi nililelewa nikijua kwamba "ukipenda boga, penda na ua lake" ni methali. Mwanao anaichukua kama maelekezo ya upishi. Tumekula boga, tukala majani yake, tukala maua, na mbegu amezikausha kwenye kikaango tukawa tunazitafuna huku tunasoma. Matokeo yake nimefaulu somo ambalo nilikwisha kuzoeana nalo kwa kulirudia. Suruali zangu pia zinanipwaya kiunoni, ila hilo nimemsamehe.

6. Kuhusu likizo, na hili ndilo kubwa. Bweni zima linafungasha. Mama yangu ni nesi, na sikukuu zote hupangiwa zamu. Baba ni dereva wa lori, wakati huu yuko njiani. Nyumbani kwetu kuna kufuli. Kwa hiyo mimi nabaki hapa, kama miaka yote, na sijawahi kulalamika. Kosa la mwanao ni kwamba mwaka huu nimegundua kuwa ni jambo la kulalamikia. Kabla hajahamia chumba hiki, mimi na tambi zangu tulielewana vizuri tu. Sasa nikiwaza kurudi jioni nikakuta chumba hakinuki kitunguu, na kitanda kimenyooka kama cha hospitali, roho inaniuma. Nasema kweli, Mama, naogopa hiyo likizo. Yeye amenigawia karoti na kipande cha tangawizi, eti nijipikie. Sufuria anaondoka nayo kwa sababu ni yako. Sasa mimi nitalaza nini?

Kutokana na hayo yote, naomba umshike mwanao huko huko asirudi tena. Ikishindikana, arudi akiwa amesahau kupika, nawe umtie moyo ale chipsi na soda kama vijana wenzake. Naomba pia kikohozi changu, kama kiko kwenu, kirudishwe na mtu yeyote anayekuja huku.

Sina la ziada ila shukrani kwa kunivumilia. Nisalimie Baba, wakubwa kwa wadogo, majirani wa pande zote, na hasa yule dada aliyemfundisha kukatakata vitunguu bila kulia, maana huku tunalia sisi.

Wako katika masikitiko na afya njema,

Mwenye Kitanda.

Nyongeza: Mama, nilikuwa natafuta gundi ya bahasha ukapiga simu, ukaomba uongee na mimi. Ukaniuliza likizo nabaki na nani. Nikajibu, "Nipo tu, Mama." Ukasema, "Hakuna cha nipo tu hapa, panda gari na mwenzio, nimeshaloweka maharage." Karoti anadai nililia. Ni vitunguu, ingawa siku hiyo hakuna aliyekuwa akikata.

Basi naomba ufute lalamiko la kwanza mpaka la sita, na lile la tano ulifute mara mbili kwa sababu mboga ya maua ya boga naipenda kupita zote. Nimeshafungasha. Matroni anauliza kama kuna nafasi. Barua hii siiposti tena, nitakukabidhi mwenyewe mkononi nikishakuamkia. Ila nakuomba sana, Mama, uisome tukishakula.