Pointi za Batoto Zimeenda Wapi?

Ijumaa, 27 Juni
Tata prefe Mulumba, mukubwa wa shule yetu hapa Dilala, ametangaza mbele ya balimu bote. Pointi za mitihani za batoto mi njo ninazichunga, kwenye kompyuta yangu. Zinapashwa kuingia kwenye serveri, ile kompyuta kubwa ya shule, bulletin za matokeo zichapwe, Jumatano tusome matokeo mbele ya bazazi. Mwenye kuunganisha hizo mashine mbili njo atakuwa chef wa informatique, mukubwa wa kompyuta zote. Chef! Biro yenye klimatizeri ya baridi! Nimeinua mukono kabla hajamaliza. Mama Elise, comptable, mwenye kuhesabu pesa za shule na kuchunga serveri, naye ameinua. Nyumbani nimemwambia bibi yangu wa ndoa, Mwadi, aniite Chef Gracien tangu leo. Ameuliza kama chef naye anaweza kwenda kununua makala ya kupikia.

Jumamosi, 28 Juni
Nimeweka programu ya kuunganisha. Serveri inatoa mafaili, kompyuta yangu inakuwa "mteja" wake. Mi, mteja wa Elise! Nimeandika amri. Imekataa: hauna ruhusa. Kumbe serveri inapokea tu mashine zenye Elise ameandika namba zao. Kumuomba? Hata kidogo! Nimemutuma prefe amuombe. Elise ameandika namba yangu palepale. Halafu ameniletea mikate ya moto na shauri: nitengeneze folda tupu, mafaili ya serveri yafungukie humo. Mujanja huyo! Mikate nimekula. Shauri nimeacha.

Jumatatu, 30 Juni
Sikukuu ya uhuru. Batu bote bako ku défilé, banatazama gwaride, mi niko ku biro. Folda tupu ya nini? Mi si mutu wa bitu tupu. Mafaili ya serveri nimeyafungulia palepale, ndani ya folda ya pointi. Imekubali! Nimeruka mpaka kiti kikaanguka. Nimetazama pointi. Hakuna! Mwaka muzima wa batoto, hakuna! Mahali pake, picha za ukarabati wa vyoo. Pointi, Elise amezifuta. Mwizi!

Jumanne, 1 Julai
Nimemushitaki kwa prefe. Elise amesema hakuna kilichofutwa: pointi ziko pale pale, folda ya serveri imezifunika tu. Niiondoe, zitaonekana. Nimekataa katakata. Mutu akijua vizuri hivyo mahali mali yako iko, si njo yeye mwizi? Prefe amesema pointi zisipoonekana leo, hakuna proclamation, matokeo hayasomwi, na mi mwenyewe nitasimama mbele ya bazazi kueleza. Mara courant ya umeme ikaenda, Dilala nzima. Iliporudi, kompyuta ikawaka upya bila kuunganika na serveri. Na pointi zote ziko! Yesu wangu, nimelia. Kisha nimepangusa macho, nimetangaza kwamba nimezirudisha mi. Prefe ameniangalia sana. Elise amezibeba kwa clé USB mpaka ku serveri, amechapa bulletin.

Jumatano, 2 Julai
Matokeo yamesomwa. Bamama balipiga vigelegele. Chef wa informatique: Mama Elise. Mi nimepewa kushika mikrofoni. Wivu mutupu! Banaogopa akili yangu. Mwadi amesema pole, chef. Sijapenda alivyolisema.

Alhamisi, 3 Julai
Hapa kuna batu bangali na macho! Pasteri Sadrack ameniita, niunganishe kompyuta yake na serveri ya kanisa. Nimekwisha kuchagua folda: ile ya ndoa zote za Jumamosi, ndiyo imejaa vizuri. Na nimemulazimisha anunue betri kubwa, ili courant isikatike tena katikati ya kazi yangu.