Mfuniko wa Mama Mkwe

Sogeeni, enyi mliokaa vijiweni mkinywa kahawa na kusengenya timu zisizo zenu, nanyi mama zetu mnaopeta mchele, wekeni ungo chini, maana linalokuja halisimuliwi mara mbili. Wengine watawasifia wafalme waliobomoa kuta na kuteka miji. Sisi wa Shinyanga mfalme hatuna. Tunaye Akida, ambaye hakuteka chochote, na hata kibanda anachouzia mitumba amepanga. Lakini ndiye aliyetoka kwake na hotipoti yenye mfuniko, akazunguka nayo mwezi mzima kutoka nchi ya almasi hadi nchi ya dhahabu, akarudi na hotipoti yenye mfuniko. Msicheke kwanza. Kila mwenye mke na aulize moyo wake kama yeye angeweza.

Huyu Akida, Simba wa Marobota, Mkung'utaji wa Makoti ya Ulaya, aliyeweza kumvisha mchunga ng'ombe koti la theluji saa saba mchana na akashukuriwa, alikuwa hodari wa mambo yote isipokuwa kurudi na alichopewa. Mwavuli aliuacha Mwanza. Ndoo aliiacha Tabora. Kutoka Nzega alirudi na kandambili mbili, zote za mguu wa kushoto. Mkewe Mwasiti aliyameza hayo, kwa kuwa mwavuli hununuliwa na ndoo hununuliwa. Ila hotipoti ile haikuwa ya kununuliwa. Ilikuwa nyekundu, yenye maua meupe ubavuni, na ndicho chombo pekee alichoachiwa na marehemu mama yake. Mfuniko wake ulipokaa sawasawa ulilia "ka", na mlio huo Mwasiti aliujua tangu utotoni: ulimaanisha chakula ki tayari na mama yupo.

Asingeitoa kabatini kamwe, lakini Akida alikuwa na vidonda vya tumbo, na mganga wa zahanati alikuwa amempiga marufuku chakula baridi. Basi asubuhi ya kuondoka, Fuso la wafanyabiashara wa minada likinguruma nje na wenzake wakimwita kwa miluzi, Mwasiti alisimama mlangoni akamhutubia mumewe.

"Akida, nakukabidhi mama yangu. Poteza shati, poteza simu, poteza na hilo Fuso lenyewe ukipenda. Lakini siku utakayorudi nataka niisikie hotipoti hii ikilia."

Akida akaweka mkono kifuani, akaapa kwa mbingu na ardhi na kwa marobota yote yaliyofungwa na yatakayofunguliwa. Kwa kuapa hakuwa na mpinzani kanda nzima.

Na mwezi ukaanza kwa neema. Huko Maganzo, ambako watu wamezoea kukitazama kila kitu kama kinaweza kung'aa, tajiri mmoja wa almasi aliuinua ule mfuniko juani, akaukagua kwa jicho moja, akaurudisha bila neno. Akida akaona hata wenye mali wameitambua heshima yake. Kila adhuhuri alikula maharage ya moto, akafunika, ikalia "ka", na Mwasiti alipopiga simu kuuliza kama mfuniko upo, alijibu kwa sauti ya jemadari kwamba upo.

Ndipo wakashuka Samuye, siku ya mnada, vumbi la ng'ombe likiwa limetanda hata jua likawa jekundu. Akida aliketi kivulini mwa Fuso, akafunua wali wake. Mbele yake akapita Limi, mwanamke wa makamo muuza michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikakauka, naye alikuwa hajatia kitu kinywani tangu alfajiri. Mtu aliyelelewa vyema hali chakula peke yake mwenzake akimtazama. Akamkaribisha, na kwa kukosa sahani akampakulia kwenye mfuniko. Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo ngome ilipobomoka, tena haikubomolewa na adui bali na ukarimu. Limi hajafika nusu ya wali, lori lake likapiga honi. Akajitwika gunia, akapanda, mfuniko mkononi na mdomo umejaa, akapunga mkono na kusema wabeja, ndiyo asante ya Kisukuma. Akida naye akapunga, akitabasamu kama aliyejengewa msikiti. Vumbi lilipotulia akatazama chini, akaona hotipoti iko uchi.

Adhuhuri hiyo simu ikalia, Mwasiti akauliza kama mfuniko upo. Akida akajibu kwamba upo. Na kweli ulikuwapo, hakusema wapi. Jibu hilo hilo alilitoa siku ishirini na mbili mfululizo.

Nani ataeleza mateso ya siku zile? Akaifunika hotipoti kwa shati la mikono mirefu, chakula kikapoa, vidonda vikamng'ata. Kahama akaambiwa Limi ameondoka jana. Masumbwe Fuso likazama tope hadi ekseli, naye akalisukuma huku ameikumbatia hotipoti kwa mkono mmoja, na wenzake wakamsema kwamba anasukuma kwa midomo. Mauzo yalikuwa mazuri kuliko mwezi wowote, lakini hakuona raha yake. Mwishowe, sokoni Runzewe, katikati ya dagaa na nyanya, akaliona gunia la michembe, na nyuma yake Limi.

Limi aliposikia shida yake alishika kichwa. Alieleza kwamba alimtafuta Akida minada miwili bila kumwona, akaona auweke mfuniko kazini asije akaupoteza, ukawa kipimo chake cha michembe. Akaja mchimba dhahabu mmoja, Mageni, mtu wa maneno machache, akauliza bei.

"Nikamwambia, mfuniko mmoja bei hii," Limi alisema. "Akalipa, akachukua mfuniko mmoja. Nilipomwita alinionyesha michembe na mfuniko, akaniuliza kosa lake liko wapi. Akaenda zake, baba."

Akida akajifunga mkanda akaenda machimboni. Mageni alikuwa jabali la mtu, amekaa mdomoni mwa shimo lake, au duara kama wenyewe wanavyoliita, pamoja na wenzake wanne. Na mkononi mwake, loo, mfuniko ule mwekundu, umejaa matope, akiuzungusha na maji kuosha mchanga. Akida alitoa hotuba ndefu juu ya haki na mali ya mtu. Mageni akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wa mitumba, nimekusikia," alisema. "Miezi mitano duara hili limenipa jasho tupu. Siku niliyooshea mchanga kwenye huu mfuniko, nikaiona rangi ya dhahabu. Una nyota. Niombe sururu, nakupa. Niombe buti, navua sasa hivi. Nyota haiombwi."

Akida akarudi siku ya pili na makoti, akakataliwa. Akarudi siku ya tatu na robota zima, likakataliwa, ingawa mmoja wa wachimbaji alilitazama sana. Tumbo lilikuwa linamwaka, na Fuso lilikuwa linageuza siku hiyo hiyo. Ufasaha ukamwishia. Akachuchumaa kwenye kifusi, akasema kama mtu wa kawaida.

"Basi, ndugu yangu. Hicho chombo ni cha mama mkwe wangu. Alishafariki. Ndicho tu alichomwachia mke wangu."

Mkono wa Mageni ukasimama. "Cha mkwe?"

"Cha mkwe."

"Nami nimelia ugali humu?"

Hakungoja jibu. Alimwaga mchanga, nyota na yote, akauosha mfuniko mara tatu, akautandikia kiroba kitupu, akauweka juu yake na kurudi nyuma hatua tatu. Kwao vyombo vya mkwe havisogelewi, na mkwe wa mwenzako ni mkwe. Akavua kofia yenye tochi, akainamisha kichwa mbele ya mfuniko wa hotipoti.

"Shikamoo, mama."

Mfuniko haukuitikia.

"Haijaitikiwa," Mageni akasema, na sauti yake ilikuwa na hofu ya kweli. "Chukua, nenda nao. Lakini mimi chini sishuki na shikamoo yangu iko hewani. Huyo mama ana mtoto mwingine?"

"Mke wangu peke yake."

"Basi yeye ndiye wa kuipokea. Mpigie."

Akida akaitazama simu yake, iliyokuwa na chaji tele, akasema haina chaji. Wakapeana namba, akaahidi kuifikisha salamu akifika tu. Mageni akaketi mdomoni mwa duara kungoja, na wenzake wanne, ambao bila yeye hawashuki, wakaketi naye.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, shujaa akaingia Shinyanga. Mwasiti hakusema karibu. Aliipokea hotipoti, akaweka mfuniko juu yake, akabonyeza. Ikalia "ka". Akafumba macho kidogo, akamwambia mumewe kwamba leo amemwona mwanamume, akaenda kumchinjia jogoo. Akida akaegemea kiti. Vita vimekwisha, adui hajulikani, na sifa ni zake zote.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Mageni. Akaiacha ikakatika. Ikalia tena, na Mwasiti, kisu mkononi, akamwambia apokee. Akida akawaza wale watu watano wameketi juu ya shimo lao tangu jana, hawachimbi, kwa ajili ya adabu waliyompa bibi wasiyemjua. Na yeye, aliyempa mkono siku ya harusi na kumzika, alikuwa amemfanya sahani ya mpita njia na kumsemea uongo siku ishirini na mbili. Aliona aibu, na aibu ile haikuwa na ushujaa wowote ndani yake. Akasimulia yote, kuanzia wali wa Samuye.

Mwasiti aliugeuza mfuniko, akaona ndani umechubuliwa na mchanga, akaupangusa kwa pindo la kanga. Simu ilipolia tena, akanyoosha mkono apewe.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti nzito kutoka machimboni, sauti ya mtu wa kuwa kaka yake mkubwa.

Mwasiti aliutazama mfuniko. Na alipojibu, Akida alishtuka, kwa maana sauti ile ilikuwa ya mkwewe, naye hakuwa ameisikia tangu kabla ya msiba.

"Marahaba, mwanangu. Kafanye kazi."

Kisha akampa mumewe simu, akaketi kwenye kigoda, akalia kidogo, akainuka kumfuata jogoo wake.

Basi na ihifadhiwe katika kumbukumbu za nchi, watoto wafundishwe, na wasioamini waende Runzewe wakaulize: shikamoo iliyotolewa kwa mfuniko katika machimbo ya dhahabu ilivuka wilaya na wilaya, ikaitikiwa uani Shinyanga, na watu watano wakashuka shimoni kwa amani. Akida ndiye aliyeibeba. Hilo hata Mwasiti hamnyimi.

Mwezi uliofuata, Fuso likinguruma nje, Mwasiti alimpa tena hotipoti ile ile. Mfuniko ulikuwa umefungwa kwenye kishikio kwa kamba ya mbuzi, mafundo matatu. Akida akaweka mkono kifuani aape. Mwasiti akamwambia asiape, ashike.