Kimya Kapewa Profesa

Jumatatu, 3 Machi

Nimekosa raha kabisa. Kula nimekula, lakini raha sina.

Leo chuo kimetuita ukumbini wote tunaofanya kazi za utafiti. Tukaambiwa kumbe na sisi ni watu! Kila mmoja atapewa mlezi wa kumkuza kikazi, asiyekuwa bosi wake. Kila mmoja ataandika mpango: anataka kufika wapi, ana uwezo gani, ana udhaifu gani. Na kubwa kuliko yote: maabara yetu ya udongo imepata nafasi moja ya ajira ya kudumu. Moja! Kamati itasoma mipango yetu, ituhoji, kisha ichague mtu. Mimi nina miaka kumi na mbili hapa kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, kama mpangaji. Wa sasa unaisha mwezi huu. Nafasi ile ni yangu, imebaki kutangazwa tu.

Kisha ikabandikwa orodha ya walezi. Kimya, jirani yangu wa meza, aliyekuja juzijuzi tu, miaka mitatu, kapewa Profesa. Profesa mwenyewe, yule ambaye hata mlinzi wa getini humpigia saluti mara mbili! Mimi? Mkutubi mstaafu. Bibi wa vitabu! Mimi niliyevuka mipaka saba nikiwa utingo wa lori!

Kimya akaniambia hongera, kaka, yule mama ni mtu mzuri. Ananicheka huyu.

Jumanne, 4 Machi

Mama watoto kasema niache wivu, kwani Profesa nitamla? Nikamwambia huu si wivu, ni uchungu wa haki. Akasema uchungu wa haki hauulizi mwenzako kapewa nani. Akaendelea na cherehani yake. Mwanamke huyu angekuwa hakimu, magereza yangejaa.

Lakini akili ninayo. Nimekwenda Ofisi ya Maendeleo ya Watumishi. Nikamweleza dada wa pale kwamba Kimya ana aibu, Profesa atamtisha, anahitaji mama wa kumlea taratibu. Mimi nipo tayari kujitoa. Nikafuta jicho. Akauliza kama mwenyewe anajua. Nikasema sisi ni ndugu, tunaongea kila kitu. Dada akasema nina moyo wa pekee. Sikumbishia. Katubadilishia walezi palepale!

Kimya alipoambiwa alisema tu, sawa, kaka. Hata hakununa. Mtu asiyenuna ni wa kuogopwa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kikao cha kwanza na Profesa wangu. Nimevaa suti ya harusi, vifungo viwili vimegoma. Ofisi imefungwa. Katibu wake kasema yuko safarini, mkutano wa nje. Lini anarudi? Akirudi utamwona.

Kimya karudi kutoka maktaba baada ya saa mbili nzima, uso unang'aa kama sahani. Eti bibi kausoma mpango wake mstari kwa mstari, kamwambia auandike upya. Eti kamsimamisha mbele ya makabati ya vitabu ajieleze kwa sauti, kama vile vitabu ndiyo kamati. Na kampa chai na biskuti.

Biskuti! Zile biskuti zilikuwa zangu kihalali.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi! Nimemnasa Profesa kwenye maegesho, injini inanguruma, mguu mmoja ndani. Nikamweleza mimi ni mwanawe wa kikazi. Akaniuliza wa idara gani. Nikamwekea fomu ya mpango juu ya boneti, ukurasa wa mwisho, akasaini. Saini gani ile! Imejikunja kama moshi. Nimemwonyesha Kimya mara tatu. Kasema ni nzuri.

Tatizo dogo: mpango wenyewe nilikuwa sijauandika, na mwisho wa kupokea ni leo saa kumi. Kimya alikuwa amekwenda kutoa sampuli kwenye tanuri. Rasimu yake ya kwanza, ile ambayo bibi aliikataa, ilikuwa mezani, inanitazama. Tunatumia meza moja, mizani moja, chekeche moja, kwa nini tusitumie mawazo mamoja? Nikanakili yote, jina tu nikaweka langu. Sikusoma. Kunakili ni kazi ya mkono, kusoma ni kazi ya macho, na muda ulitosha kazi moja.

Nimewasilisha saa kumi kasoro dakika mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya kamati. Kimya nimemkuta kwenye korido anatetemeka, tai imekaa begani. Adui au si adui, huwezi kumwacha mwenzako hivyo. Nimemfunga tai upya, nimemletea maji, nimemhadithia ile siku dereva wangu alipompitisha mbuzi mpakani kama abiria. Akacheka, rangi ikamrudia. Nikajilaumu kidogo: wa nini kumtengeneza?

Nikaitwa mimi kwanza. Wakaniuliza swali moja, nijitambulishe. Nikajitambulisha dakika arobaini! Mipaka yote saba. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani, akanyoosha mkono mara mbili. Nikadhani ananisalimu, nikampungia.

Mwisho akafungua mpango wangu. Akasema ameguswa sana. Nikajua tayari, kazi hiyo! Akasoma kwa sauti ya upole: "Udhaifu wangu mkubwa ni woga wa kuzungumza mbele za watu. Natetemeka, nakosa maneno, mara nyingine hata jina langu silimalizi."

Wote wakanitazama. Nikanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu niingie. Ningesema nini? Kwamba woga si wangu, nimeunakili?

Nikasema, "Leo nimejitahidi, mama."

Wakanipigia makofi. Mmoja akafuta machozi.

Ijumaa, 14 Machi

Nafasi kachukua Kimya. Dakika tisa tu kazungumza, eti kila neno lilikuwa mahali pake. Mpango wake bibi kamwandikisha mara tatu.

Kanijia machozi yakimlengalenga. Kasema, kaka, mlezi wako ukanipa mimi, hakuna mtu amewahi kunifanyia hivyo. Nimemkumbatia. Nimelia pia. Baadhi ya machozi yalikuwa ya kumpongeza.

Mimi wameniongezea mwaka mmoja, kwa sharti: wiki sita za kozi ya wanaoogopa kuzungumza. Mama watoto kacheka mpaka akashonea mkono wa gauni shingoni.

Jumanne, 18 Machi

Kozi imeanza. Tupo wanane. Mwalimu kasema kila mtu asimame ataje jina lake. Mama mmoja wa idara ya wadudu akasimama, akatetemeka, akataja nusu ya jina, akakaa. Ukumbi mzima makofi! Mwalimu akasema huo ndio ushujaa, akamhamishia kiti cha mbele chenye mto.

Mimi nikataja jina langu, la baba, la babu, na asili ya ukoo. Kofi hata moja sikupata! Nikaambiwa nikae.

Kiti chenye mto! Siku ya kwanza tu! Lakini hanijui huyu mama wa wadudu. Jioni hii nimefanya mazoezi ya kutetemeka mbele ya kioo mpaka mama watoto akaniletea dawa ya homa. Kesho sitafika hata nusu. Nitaishia herufi ya kwanza, kisha nizirai. Zulia la pale nimeshalikagua, ni nene.