Mwimbaji wa Bendi ya Zeddy

Asubuhi hiyo habari ilifika kibanda cha chai cha Naliaka kabla ya maziwa: bendi ya Zeddy ilipiga muziki wa rokenro ukumbini Jumapili nzima, na hakuna mtu aliyefungua mdomo kuimba.

"Mwimbaji alikuwa mgonjwa?" aliuliza Jonah, fundi wa baiskeli.

"Hakuna mwimbaji," alisema Wasike, ambaye kijiwe kizima kilimwita Redio, maana hazimiki. "Ni saksafoni, kinanda ya umeme, gitaa na ngoma. Mimi nilidhani mwimbaji amekwama choo, nikaenda kumtafuta."

"Ukampata?"

"Nikapata watu wengine wakimtafuta."

Makokha hakucheka. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, na bendi aliyokodi ni hiyo hiyo.

"Mkwe wangu wa Subukia amesema akikuta mambo nusu nusu, anarudi na kijana wake. Sasa ataona maikrofoni imesimama peke yake kama mjane."

"Itoe," alisema Jonah.

"Na hotuba yake atasemea wapi?"

"Basi Zeddy aimbe."

"Na mdomo iko ndani ya saksafoni?"

Naliaka aligeuza mandazi. Miaka yote hiyo alikuwa amesikiliza Redio akitangaza kila kitu kuanzia bei ya mahindi mpaka ndoto zake.

"Mwimbaji mnaye," alisema. "Mvalisheni Redio suti, mfungeni bandeji ya shingo, mmuweke kwa maikrofoni. Mkwe aambiwe sauti imekatika."

"Halafu nifanye nini?" aliuliza Redio.

"Unyamaze."

Watu walitazamana. Jambo hilo halikuwa limewahi kujaribiwa.

"Siku mzima, mama?" aliuliza Redio.

"Ni binti yangu, ndugu yangu," alisema Makokha, na sauti yake ndiyo iliyokuwa karibu kukatika.

Baada ya harusi, Jonah ndiye aliyemletea Naliaka habari.

"Mathe, Zeddy alipuliza saksafoni mpaka akapiga magoti. Nani alimuangalia? Macho yote kwa Redio. Akishika koo, akina mama wanashika koo. Kinanda ikipanda, anafungua mdomo, anashindwa, anaufunga. Yule mzee wa Subukia alilia. Akasema, mtu mgonjwa hivi na bado amekuja kazini, hawa ni watu wa kuoana nao."

Makokha aliagizia kijiwe kizima chai.

Ndipo Redio akaingia, bandeji ingali shingoni. Hakusalimia mtu. Aliinua kidole kimoja kuomba chai, akaketi. Naliaka alisikia maji yakichemka kwenye sufuria yake mwenyewe, sauti aliyokuwa ameisahau, akamwekea andazi la bure.

"Toa hiyo kitu, bwana," alisema Jonah. "Harusi ilikwisha."

Redio alinong'ona, "Watu wa Lanet wameita bendi Jumamosi ijayo. Wamesema bila mimi hawataki. Wacha nipumzishe sauti."

"Na ukipona?"

Redio alimtazama kwa huruma.

"Nikipona," alinong'ona, "nitakula nini?"