Matokeo ya Mdudu wa Pango la Krause

Mheshimiwa Jaji wa Kaunti, waheshimiwa makamishna wenzangu, mchungaji wetu, mkandarasi wa barabara pamoja na mama watoto, wadau wote wa Cedar Notch, na wewe Dokta Maribel Treviño, mtafiti wa wadudu wa mapangoni, uliyekuja bila mwaliko: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Kamishna Royce Hatchell, nasimama mbele ya mlango wa maabara yetu mpya ya vinasaba kutangaza iwapo mdudu wa Pango la Krause, yule wa miguu mirefu anayedhaniwa buibui ilhali hana utando wala kiuno, ni spishi ya peke yake, maana akiwa wa peke yake pango litalindwa na barabara mpya itapinda kulikwepa, na akiwa wa kawaida barabara itanyooka.

Katika mchakato shirikishi wa kuchunguza maumbile, Dokta Treviño aliieleza kamati yangu kwamba wadudu hawa hutofautishwa hasa kwa uume wa dume, chini ya hadubini. (Kicheko. Mchungaji anaikagua kofia yake.) Kamati, kwa kulinda maadili, ilikifuta kigezo hicho kwa kauli moja, ikahesabu miguu, ikapata wenye minane, wenye saba na mmoja mwenye mitano, tofauti za kawaida ndani ya ukoo wowote.

(Dokta Treviño: “Mheshimiwa, huyo ukimkamata mguu anaudondosha mwenyewe! Mliwakamataje?”)

Kwa koleo, Dokta, na kwa weledi.

(Sauti ya nyuma: “Mbane kwenye vinasaba, dada, usimwachie!”)

Tulia, ndugu yangu, nakuja huko. Vinasaba vimethibitisha, kwa asilimia tisini na tisa, kwamba mdudu wetu ni yule yule wa mapango yote ya jirani, na mimi niliyeubuni mradi huu nikiwa naoga sioni aibu kujipongeza.

(“Basi fungua mlango, bwana, tuione hiyo mashine!”)

Sayansi mbele! (“Mbele!”) Barabara inyooke! (“Inyooke!”)

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru seremala aliyeusimamisha mlango huu hata hauyumbi, ingawa hauna nyumba nyuma yake. Wapiga picha msizunguke. Namshukuru Dokta Treviño kwa sampuli alizotukabidhi, ambazo zimo salama kwenye friji yangu, chini ya nyama ya moshi, hazijafunguliwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru mkandarasi, ambaye Jumanne alilijaza pango zege, akatupatia uwanja huu tambarare mlipowekewa viti.

(Dokta Treviño anainuka, anasogeza kiti chake, anatazama chini.)